Siku Niliyompangia Kila Mtu

Solange mwanangu,

Niko chumba cha mbele, nawe uko jikoni na tantine Béatrice. Nawasikia. Anakuambia uchemshe maji, usimpe mtu usiyemjua simu yako garini, ufunge mlango hata mchana, na homa ikikushika uende hospitali bila kungoja. Ameyasema vizuri kuliko ningeyasema mimi, kwa hiyo sitayarudia. Tangu tulipomzika mama yako, dada yangu amebeba kazi ya kukuonya na kukugombeza, akaniachia mimi kazi ya kunyamaza. Nimeifanya vizuri mno.

Hata Jumapili nilinyamaza. Tulikuwa mezani, ukatueleza mpango wako wa Rutshuru. Parokia imekupa chumba cha kusomea, imekupa rafu na katoni za vitabu, nawe ulikuwa umeshalipanga juma lote: Jumatatu vitabu vya Kinyarwanda na watu wake, Jumanne Kinande, Jumatano Kihunde, siku nyingine Kiswahili na Kifaransa. Ulisema, "Kila mutu aone iko na nafasi yake. Sawa vile ulifanyaka, papa." Ukaniangalia, ukingoja nifurahi. Mimi nikaangalia bugali kwenye sahani, nikasema sombe ya leo, majani yale ya muhogo, imekolea chumvi. Tantine alicheka. Wewe hukucheka. Uliondoa sahani kabla hatujamaliza kula.

Nadhani ulifikiri sikupenda mpango wako. Tatizo ni kwamba ni mpango wangu. Uliuchukua kwangu kama ulivyo, bila kujua ulivyomalizika. Nusu ya kwanza ya habari ile nilikusimulia mara nyingi, kwa majivuno. Nusu ya pili sikuisema, na mahali pake niliweka uongo. Kesho utaubeba uongo huo hadi Rutshuru na kuutundika ukutani mbele ya watu. Ndiyo maana naandika.

Maktaba yetu uliijua tangu ukiwa mgongoni. Vyumba viwili vya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, mabati yanayopiga kelele mvua ikinyesha, na jina ambalo watu wa mtaa wetu wa Katoyi walilifupisha wakasema biblio tu. Nilipewa kuiongoza, watu wakaniita chef, kwa sababu nilikuwa nimemaliza sekondari na nilikuwa na mwandiko mzuri. Hakuna aliyenifundisha kazi ile. Nilijifunza kwa kufanya, na baadhi ya watu niliowafanyia majaribio yangu hawapo tena kuniambia niliwakosea wapi.

Mama yako hakuwa na cheo pale. Alikuja na wewe, akakaa kwenye benchi la mlangoni, na bakuli la maharagwe mapajani, akiyatoa kwenye maganda. Wamama wakimpita walimsalimia, na baada ya salamu mmoja alitoa karatasi ya hospitali ndani ya kitenge, mwingine simu yenye ujumbe wa mume aliyekwenda kutafuta maisha Walikale, mwingine bulletin ya mtoto yenye alama za shule. Mama yako alisoma. Akaeleza. Alianza kwa Kiswahili, na akiona mama yule hashiki vizuri, aliteleza kwenye lugha nyingine kama mtu anayehamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine. Kinyarwanda cha kwao Rutshuru, Kihunde alichokiokota kwa mama yangu, Kinande cha sokoni kilichowachekesha Wanande wenyewe. Hakumuuliza mtu lugha yake. Aliisikia katika salamu, akaifuata.

Mimi niliona fujo tu. Maganda ya maharagwe yalinikera. Nilikuwa nikipita na ufagio, nikiwaomba wapunguze sauti, kwamba watu ndani wanasoma. Mama yako aliinua miguu ili nifagie chini yake, akaendelea kusoma.

Halafu vita vikasukuma watu. Walishuka kutoka Masisi, wakaja kutoka Rutshuru, na magodoro kichwani, na wengi waliishia mitaa kama huu wetu. Maktaba ilijaa. Waliokuja walitaka mahali pa kukaa ambapo hawaulizwi wanangoja nini, na watoto wao walitaka kuona picha. Nilifikiri sana jinsi ya kuwahudumia. Hilo nataka uliamini, Solange: nia yangu haikuwa mbaya. Mimi nilikulia vilima vya Masisi, nikasoma shule yote bila kuona hata ukurasa mmoja wa lugha ya nyumbani kwetu. Mara ya kwanza kushika kijitabu cha Kihunde nilikuwa mtu mzima mwenye mke. Nilitoka nacho nje, nikakaa juu ya jiwe, nikasoma kwa sauti maneno ya kuku na jembe kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilitaka kila mtu apate kitu kile.

Kwa hiyo niliandikia watu, nikaomba, nikapata. Vitabu vya nyimbo za kanisa, vya kujifunza kusoma, vya kilimo, hadithi chache. Nikavitenga kwa lugha, kila lugha na rafu yake, na kila lugha na siku yake, na mtu wa kuwasomea wenzake siku hiyo. Nilimwita Kambale seremala akakata vibao, nikaandika juu yake majina ya lugha na siku kwa rangi nyeupe. Unaweza kuwa unakumbuka siku ile, kwa sababu Kambale alikutaja. Alikuwa juu ya ngazi, misumari mdomoni, akauliza:

"Chef, na bale ba luga mbili? Huyu Solange baba Muhunde, mama wa Rutshuru. Tumupasue katikati? Niko na musumeno."

Watu wote walicheka. Wewe ulijificha nyuma ya mama yako umeshika tumbo. Mama yako alicheka kidogo, akawa wa kwanza kuacha. Niliona alivyoacha. Sikujiuliza kwa nini.

Sitakudanganya tena kwa upande mwingine, nikakuambia kwamba siku zile zilikuwa mbaya tupu. Kulikuwa na furaha. Kuna bibi mmoja kutoka juu ya Sake aliyesikia Kihunde kikisomwa kutoka kitabuni, akaziba mdomo kwa mikono miwili, kisha akamwomba msomaji amwonyeshe kwa kidole ni wapi hasa pameandikwa neno la "mvua". Akaligusa. Wageni wa shirika moja walikuja, wakapiga picha vibao vyangu, wakaniambia maktaba nyingine zinapaswa kuiga. Nilivaa koti ile siku. Jioni nilimsimulia mama yako yote waliyosema, naye alisikiliza, akaniuliza kama walikaa kwenye benchi. Nilimwambia hawakukaa, walikuwa na haraka.

Jumatano ilikuwa siku ya Kinyarwanda. Unajua miezi ile mji ulivyokuwa. Mtu akipokea simu kwenye foleni ya maji na kujibu kwa lugha hiyo, ndoo zote zinanyamaza, kana kwamba yeye ndiye aliyeleta vita. Wengi walikuwa wamejifunza kuongea Kiswahili hata na watoto wao wanapotoka nje ya mlango. Nami nikawaandikia siku yao ukutani, na saa, kwa rangi inayoonekana toka barabarani.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha kuuza unité, vocha za simu, na vijana walikaa pale. Siku za kwanza sikuwajali. Jumatano moja nilikuwa dirishani nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Mercredi ni siku ya muzuri. Ata hauulize mutu, unangoja tu atoke." Nilitoka nikawaambia waondoke. Mwingine akanijibu kwa adabu kabisa, "Chef, sisi tunakaa tu ku barabara. Barabara nayo iko na siku yake?" Wenzake wakacheka. Nilirudi ndani nikijiona nimefanya kazi ya kiongozi. Juma lililofuata watu wa Jumatano walipungua, na mimi nikasema ni mvua.

Sasa nikueleze habari ya muzee Bizimana. Nafikiri unamkumbuka: mwalimu mstaafu kutoka Rutshuru, mwenye koti la kahawia na mwavuli, aliyekuwa anakuita mademoiselle. Aliwahi kukusahihishia somo la sehemu, akakuchorea muhogo akaukata vipande ili uelewe. Alikuwa anakaa na binti yake katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Kila siku alikuja, muda mrefu kabla sijaweka vibao vyangu, akakaa karibu na dirisha, akachukua kitabu kile kile cha jiografia chenye ramani iliyochanika. Sijui alikuwa anatafuta nini ndani yake. Sikuwahi kumuuliza. Alisoma, akafunga, akasema asante, akaenda.

Baada ya kuweka vibao, alikuja Jumatano moja. Halafu Jumatano nyingine hakuja. Akaja Alhamisi, siku niliyoiandikia Kinande. Maktaba ilikuwa imejaa. Alipita taratibu, akachukua kitabu chake cha jiografia, ambacho kilikuwa cha Kifaransa wala si cha lugha ya mtu yeyote pale, akakaa dirishani.

Nilifikiri amechanganya siku. Kweli nilifikiri hivyo. Na kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito kidogo, niliongea kwa sauti, huku natabasamu, kutoka mezani kwangu.

"Muzee, siku yako ni mercredi. Leo ni ya Banande."

Watu waliacha kugeuza kurasa. Hakuna aliyesema neno baya, wala Wanande waliokuwa pale hawakumtaka atoke. Kambale, Mnande mwenyewe, alikuwepo, na yeye ndiye aliyeinamisha kichwa. Muzee Bizimana alivua miwani. Alifunga kitabu. Wengine walikuwa wakiacha vitabu mezani, lakini yeye alikirudisha kwenye rafu, mahali pake, akakisukuma kwa kidole kilingane na vingine. Akaja mbele ya meza yangu.

"Asante, chef," alisema. "Sikujua kama niko na siku."

Akatoka. Alimpita mama yako mlangoni, naye mama yako akasimama wima na bakuli lake, maharagwe yakamwagika. Nilikwenda kuyafagia.

Jioni mama yako alipika bila kuongea. Nilidhani amechoka. Tulipokaa kula, wewe ukiwa umekwenda kwa jirani, aliniambia:

"Papa Solange, ule muzee umemutaja mbele ya batu."

"Nimemutaja? Nimemukumbusha siku yake."

"Mimi naye nakaa pale mulangoni kila siku. Siku yangu ni gani? Uniambie leo, nisikosee."

Nikacheka. Nilicheka, Solange, kwa sababu niliona ni utani. Nikamwambia yeye hana siku, yeye ni wa nyumba.

"Ule muzee naye alifikiri iko wa nyumba," alisema, akaondoa chungu.

Kesho yake hakuja maktaba. Alisema vumbi la njia ya machukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, linamuumiza kifua. Juma lile lote vumbi lilimuumiza kifua. Ulipomuuliza mbona haendi tena, alikuambia amechoka kukaa kwenye benchi gumu, na wewe uliamini kwa sababu ulikuwa mtoto. Mimi niliamini kwa sababu ilinifaa. Benchi halikukaliwa, likawa linazuia mlango, nikalipeleka stoo.

Aliniomba kitu kimoja tu. Aliniomba twende pamoja nyumbani kwa muzee Bizimana, tubebe sukari, tukae naye kidogo. Alisema hakuna haja hata ya kuomba msamaha kwa maneno mengi, aone tu tumekuja. Nilimwambia tutaenda Jumapili. Jumapili kulikuwa na mkutano na wale wageni. Jumapili ya pili sikumbuki kulikuwa na nini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sikumbuki. Kisha mapigano yakasogea, mji ukafunga milango, watu wakahama usiku na mchana. Nilipokwenda, nilikwenda peke yangu, na sukari. Binti niliyemkuta akiosha vyombo uani alikuwa wa familia nyingine. Alisema wale wa zamani waliondoka, hakujua kama walirudi kwao au walivuka mpaka wa Bunagana. Nikamuuliza kama mzee wao alikuwa anatembea vizuri. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu anayeuliza habari za nyumba isiyo yake, na alikuwa na haki.

Sukari ile niliirudisha nyumbani. Mama yako aliiona mezani, akaimimina kwenye kopo bila kuniuliza.

Miaka iliyofuata wamama walianza kuja hapa uani kwetu. Wewe uliwaona, ulidhani ni marafiki wa kanisa. Walileta karatasi zao na simu zao, na mama yako alikaa juu ya mkeka, maharagwe mapajani, akawasomea. Nikirudi kazini niliwasikia toka kona ya mabati, wanacheka, lugha zimechanganyika, mmoja anamzomea mwingine kwa jinsi mume wake anavyoandika vibaya. Nikifungua mlango, wananyamaza. Wananisalimia vizuri, "Jambo chef," wanakunja karatasi zao. Mimi nilipita nikaingia ndani, na sauti hazikurudi mpaka nilipofunga mlango wa chumba. Nilikuwa naongoza maktaba ya watu wote, na nyumbani kwangu mwenyewe watu walingoja nipite ndipo waendelee kusoma.

Ningeweza kukaa nao. Mkeka ulikuwa mkubwa.

Alipougua, wewe ulikuwa unajiandaa kwa mtihani wa diploma, na yeye hakutaka ujue jinsi hali ilivyokuwa. Nilikuwa nakaa naye hospitali mchana. Nilitaka kusema habari hizi. Kila siku nilijiambia leo nitasema, na kila siku nilimweleza habari ya mabati yanayovuja na panya waliokula kona za kitabu cha nyimbo. Mara moja aliniuliza, akiwa ameangalia ukuta, kama benchi bado liko pale mlangoni. Nilimwambia liko. Halikuwa pale. Lilikuwa stoo, na juu yake nilikuwa nimeweka katoni. Hilo ndilo jambo la mwisho aliloniuliza kuhusu kazi yangu, nami nilimjibu uongo ili nisimuudhi.

Wakati wa kilio ulikuwa ndani na wajomba zako. Mimi nilikuwa nje, naona uani. Wamama wale walikuja wote. Walikaa kama walivyofika, mmoja karibu na mwingine, wa Masisi, wa Rutshuru, wa Butembo, na kila mmoja alilia kwa lugha yake na kunywa chai ya mwenzake. Kambale alileta mbao za jeneza, akazipiga randa palepale. Hakuna aliyekuwa amewapanga.

Baada ya mazishi nilimwita Kambale tena, akang'oa vibao. Safari hii hakutania. Aliuliza tu kama anaweza kuzichukua mbao, nikamwambia achukue. Nilirudisha benchi mlangoni. Wewe uliporudi maktaba ukaona ukuta mtupu, uliniuliza siku za lugha zimekwenda wapi, na nilikujibu kwamba wale wageni wameacha kutusaidia vitabu. Ulisikitika sana kwa ajili yangu. Ulisema siku moja wewe utazirudisha. Nilikuacha useme, kwa sababu ilikuwa vizuri kusikia mtu ananionea huruma kuliko kusikia ukweli. Uongo wenyewe ndio huo, na sasa umeujua.

Tangu hapo nilipanga vitabu kwa mambo yaliyo ndani yake. Vya watoto pamoja, vya kilimo pamoja, vya sala, vya shule, hadithi. Kitabu cha mahindi cha Kinande kinaegemea kitabu cha mahindi cha Kinyarwanda. Mtu akiingia simuulizi anasoma lugha gani. Namuuliza anatafuta nini. Ni maneno machache sana kubadilisha, na ilibidi mama yako afe ndipo niyabadilishe. Mwaka jana kuna mama alikuja, akachukua kitabu cha sarufi ya Kifaransa, akaweka ndani yake kitabu cha nyimbo cha lugha ya mama yako, akasoma akiwa amekiinamia, midomo inacheza. Nilimwona. Zamani ningemwambia kwa upole kwamba anaweza kusoma wazi, hapa ni kwa watu wote. Nilijifanya nahesabu chaki, nikahamia chumba cha pili ili asome vizuri. Alikuja tena.

Sijui Rutshuru kukoje kwa upande wa kazi hii, mwanangu. Kule lugha ya mama yako ndiyo ya wengi, kwa hiyo pengine watakaojificha ni wengine: Mnande mwenye duka, Muhunde aliyeoa pale, mtoto aliyezaliwa kambini asiyejua aseme yeye ni wa wapi. Wewe utawaona kabla yangu. Na inawezekana kabisa kwamba siku zako zitakuwa nzuri, kwamba utazifanya kwa namna ambayo mimi sikuwa na akili nayo. Yule bibi wa neno la mvua alikuwa na haki ya kuligusa, na sijapata bado njia nyingine nzuri ya kumpa. Sikukatazi. Nikikukataza nitakuwa nimekupangia na wewe.

Ila kosa langu la vibao, nikilitazama sasa, lilikuwa dogo kuliko lile lililofuata. Vibao vinang'oka. Muzee Bizimana alipotoka, nilikuwa na miguu. Nyumba yake haikuwa mbali, mlango wa maktaba ulikuwa na ufunguo, na wale waliokuwa wanasoma wangengoja. Ningemfuata mpaka kona tu, angekuwa bado anatembea taratibu na mwavuli wake. Mimi nilikaa nikahesabu waliobaki ndani, nikaona wengi, nikaridhika. Nilifanya hivyo kwake, kisha nikafanya hivyo kwa mama yako, miaka mizima, ndani ya nyumba moja. Mtu akiacha kuja kwako, Solange, usikubali sababu ya kwanza utakayopewa. Nenda.

Sikutumi umtafute muzee huyo kule. Kama bado anaishi, safari hiyo ni yangu, na nimeanza kuulizia kwa watu wa magari.

Tantine anazima moto sasa, nawe unacheka kwa jambo alilosema. Kicheko hicho ni cha mama yako, kinachoanza puani. Nilikuwa nimekusudia kuikunja barua hii na kuiweka katikati ya nguo zako, uikute ukishafika, mbali, mahali ambapo huwezi kunitazama usoni. Nimeona kwamba huko kungekuwa kunyamaza kwa namna nyingine. Kwa hiyo nitakupa mkononi asubuhi, kabla ya chai. Gari la Rutshuru haliondoki mpaka lijae, muda upo. Usome mbele yangu. Nitakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, sitashika ufagio wala kitu kingine chochote, na lolote utakaloniuliza kuhusu mama yako nitakujibu, hata kama jibu litakufanya uondoke bila kuniaga.

Baba yako